Kambi ya theluji karibu na huduma: je, tukishindwa tutarudi tu?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 14 tumepiga kambi mara nyingi wakati wa joto, lakini hatujawahi kulala kwenye theluji. Tunataka kujaribu, tulale huko siku mbili. Tumepanga kuegesha gari kwenye uwanja wa kambi wenye vyoo, maji na chumba cha kupikia, kisha tutembee kama kilomita moja na nusu hadi msituni tuweke hema peke yetu. Nimejiambia kwamba baridi ikituzidi tunarudi tu. Mifuko yetu ya kulalia imeandikwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na usiku wa majira hayo huwa kati ya nyuzi 8 na 12 chini ya sifuri. Jiko letu ni la mtungi mdogo wa gesi. Mume wangu anasema tunaweza kuliwasha ndani ya hema dakika chache kabla ya kulala ili kupasha joto. Yeye ana pumu, ila si kali. Je, mpango huu ni salama, au ukaribu wa kambi unatudanganya?"*

Dada, asante kwa maelezo kamili, yamenirahisishia kazi. Kwa ufupi, wazo lenyewe ni zuri, na kwa familia inayolala kwenye theluji mara ya kwanza ningelichagua kuliko mengine. Lakini jinsi mlivyolipanga sasa, bado. Jiko lisiwashwe ndani ya hema hata kwa dakika mbili. Mifuko yenu huenda haitoshi. Na hayo maneno "tunarudi tu" yamebeba mambo mengi ambayo hamjayapanga, kwa hiyo nianze na hayo.

Uwanja wa kambi unaoujua wakati wa joto haufanani na uwanja huohuo kwenye theluji. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua mabomba, ndiyo maana viwanja vingi humwaga maji yote yaliyomo kwenye mabomba kabla baridi haijaanza, na mabafu hufungwa mpaka theluji iyeyuke. Vyoo vya maji navyo hufungwa, vikabaki vya shimo peke yake. Chumba cha kupikia kinaweza kuwa wazi mchana na kutiwa kufuli jioni. Barabara ya kuingilia nayo huenda haisafishwi theluji, na hapo gari mnalolitegemea litaishia langoni, mbali na pale mlipodhani mtaliegesha.

Kwa hiyo piga simu kabla ya safari, wala usiulize kama kambi iko wazi. Utaambiwa "ndiyo", na jibu hilo halitakusaidia kitu. Uliza choo kipi kinatumika usiku. Uliza bomba lipi linatoa maji wiki hii, chumba cha kupikia kinapashwa joto au la, mlango wake unafungwa saa ngapi, na kama yuko mlinzi anayelala palepale au huondoka jioni. Uliza pia simu ya mkononi inashika mtandao wapi. Katika simu hiyohiyo, uliza kama mnaruhusiwa kulala huko msituni. Hifadhi nyingi haziruhusu mtu kuweka hema popote jirani na kambi rasmi: ama mtalala ndani ya uwanja, ama mtakwenda umbali uliowekwa, na mara nyingi kwa kibali. Ni afadhali kuyajua hayo mkiwa nyumbani kuliko kuamriwa kung'oa hema saa mbili usiku.

Sasa hiyo kilomita moja na nusu. Kwenye njia kavu ni mwendo wa dakika ishirini. Kwenye theluji ya magotini, mkiwa na mizigo na bila viatu vya kutembelea juu ya theluji, inaweza kuwachukua saa nzima na zaidi. Usiku ni vibaya zaidi, kwa sababu upepo hufukia nyayo zenu na njia mliyoipita mchana haionekani tena. Theluji ikiwa inaanguka, mwanga wa tochi hurudi machoni na huoni mbele. Kwa hiyo acheni kuhesabu kilomita, hesabuni dakika: yule anayetembea polepole kuliko wote, gizani, akiwa amechoka, atafika garini kwa muda gani? Kwa mara ya kwanza nisingependa ipite nusu saa. Na msikisie. Jioni ya kwanza, mkishamaliza kuweka hema, vaeni tochi za kichwani mwende mpaka garini na kurudi huku mkitazama saa. Mtakuwa mmeifungua njia kwa miguu yenu, na mtajua wapi inapinda.

Kama ningekuwa mimi ninayewapangia, usiku wa kwanza mngelala ndani ya uwanja wenyewe, au ukingoni mwake, mita mia mbili tatu kutoka garini. Usiku wa pili, kama wa kwanza ulikwenda vizuri, ndipo mwende msituni. Najua mtakosa kitu. Mtasikia injini za watu wengine, mtaona taa, na binti atalalamika kwamba hii si kambi ya kweli. Lakini asubuhi ya kwanza mtakuwa mmejua nani miguu yake hupoa, mfuko upi haufai na gesi inakwisha kwa kasi gani, na mtayajua hayo mahali ambapo kosa linarekebishika kwa kutembea dakika tano. Mkiamua kwenda msituni moja kwa moja sitasema mmekosea, mradi kipimo cha nusu saa kimetimia na vifaa vimekamilika kana kwamba gari halipo. Hapo ndipo ukaribu huwadanganya watu wengi: huacha godoro la pili, huacha soksi za akiba, kwa sababu "gari si liko pale".

Kurudi nako kuna kanuni zake, na zipangwe mchana mkiwa mmeshiba. Baridi huanza kwa kuchukua vidole, kisha hudhoofisha uamuzi. Mtu aliyepoa sana husema yuko sawa na kwamba anataka tu kulala. Wekeni masharti mapema: mmoja akitetemeka nusu saa bila kutulia ingawa amekula na amevaa nguo kavu, mnarudi. Mfuko wa kulalia ukilowa, mnarudi. Vidole vikipoteza hisia na visipate joto kwapani au tumboni mwa mwenzake, mnarudi. Mnarudi wote watatu, hakuna anayetembea peke yake usiku. Mwambieni binti waziwazi kwamba akisema "nimeshindwa" hataulizwa swali. Watoto wa umri wake huona aibu kuwaharibia wazazi safari, na hunyamaza.

Garini kuwe na nguo kavu za kila mmoja, mablanketi, chakula kisichohitaji kupikwa na maji kwenye chupa za chai zinazohifadhi joto. Gari lenyewe halina joto. Linakinga upepo tu, na chuma chake hupoa kama hewa ya nje. Kabla ya kuwasha injini, mmoja wenu azunguke nyuma afukue bomba la moshi, kwa sababu likizibwa na theluji moshi huingia ndani walimo watu. Washeni kwa vipindi, na dirisha lifunguliwe kidogo.

Hilo linanileta kwenye jiko, na hapa namwomba mume wako asome mwenyewe. Jiko lolote linalochoma gesi, mafuta au mkaa kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na hushikamana nayo kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito, yaani mambo ambayo mtu aliyechoka kwa safari haoni ajabu kuyasikia. Hema lililofunikwa theluji linapitisha hewa kidogo kuliko mnavyodhani. Tena kuna moto, maana kitambaa cha hema huyeyuka na kushika kwa sekunde. Na faida mnayoitafuta ni ndogo mno: joto la jiko ndani ya hema hupotea dakika chache baada ya kulizima, na mvuke wake huganda juu ya mifuko yenu. Pikeni nje, nyuma ya ukuta wa theluji mliouchimba kuzuia upepo. Kama chumba cha kupikia kiko wazi, kitumieni.

Mtungi wenyewe utazameni kabla ya kwenda. Ndani ya mtungi gesi hukaa kama maji, na ni lazima igeuke mvuke ndipo iwake. Gesi zinazotiwa humo si za aina moja. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri. Isobutani huvumilia mpaka kama nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hushuka hadi nyuzi 42 chini. Kwa hiyo mtungi wenye butani peke yake utawagomea hukohuko mnakouhitaji. Tafuteni wenye mchanganyiko wa isobutani na propani, uwekeni ndani ya koti kabla ya kupika, na ukiwa kazini ukae juu ya kipande cha ubao au povu, usiguse theluji. Msiupashe kwa moto kamwe. Bebeni na mtungi wa pili, kwa sababu kuyeyusha theluji hula gesi ambayo mpigakambi wa wakati wa joto haijui: kilo moja ya barafu, ili iwe maji ya nyuzi sifuri tu, hutaka nishati karibu sawa na ya kupasha maji hayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Ndiyo maana bomba moja linalofanya kazi kambini lina thamani kubwa kuliko choo. Jazeni chupa pale kila mnapopita. Mkilazimika kuyeyusha theluji, tieni kwanza maji kidogo chini ya sufuria, la sivyo itaungua na maji yatakuwa na ladha ya masizi.

Sasa mifuko. Mfuko wa kulalia hauna joto lake, unahifadhi lile linalotoka mwilini. Tazameni lebo iliyoshonwa kwa ndani, si maandishi makubwa ya nje. Mifuko iliyopimwa kwa viwango vya kimataifa huonyesha namba tatu za nyuzi. Ya kwanza ni ya faraja, ambayo mtu anayehisi baridi upesi hulala bila taabu. Ya pili ni ya mpaka, ambayo mtu anayevumilia baridi hulala akiwa amejikunja. Ya tatu ni ya kunusurika: hapo mtu hafi kwa baridi usiku huo, lakini usingizi asiutarajie, na mwili unaweza kuumia. Nyuzi 10 zenu ni zipi? Zikiwa za mpaka, faraja huwa juu yake kwa nyuzi tano au sita, yaani karibu nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri. Wewe na binti fuateni namba ya faraja, na itakuwa juu ya baridi mnayoitarajia. Kama ni za kunusurika, msiende nayo kabisa. Dawa rahisi ni kuingiza mfuko mmoja mwepesi ndani ya mwingine mpana, alimradi usibane. Manyoya au nyuzinyuzi zilizojazwa ndani ya mfuko zikibanwa hupoteza hewa iliyokaa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke.

Na hizo nyuzi 8 hadi 12 mmezipata wapi? Kama kituo cha hali ya hewa kipo mita 500 chini ya kambi, punguzeni kama nyuzi tatu zaidi, kwa kuwa hewa hupoa karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wastani wa majira nao hauwaambii usiku wenu utakuwaje. Angalieni utabiri wa siku mbili kabla, na uhusu upepo pia: kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi kupoa kana kwamba ni nyuzi 20 chini.

Hata hivyo, wengi hutetemeka usiku kwa sababu ya kilicho chini yao. Uzito wa mwili huubana mfuko upande wa mgongoni, na joto hushuka kwenye theluji usiku kucha. Magodoro ya kulalia hupimwa kwa namba iitwayo R, inayoonyesha yanavyozuia joto lisishuke chini, na uzuri wake ni kwamba ukiweka mawili moja juu ya jingine namba zinajumlishwa. Kwenye theluji tafuteni jumla ya 5 au zaidi kwa kila mtu. Mkeka wa povu, ambao kwa kawaida ni kama 2, ukiwekwa chini ya godoro la kupuliza la 3.5 unatosha. Kama mna fedha za kununua kitu kimoja tu kabla ya safari, nunueni mikeka mitatu ya povu. Haitoboki, na godoro la kupuliza likitoboka saa nane usiku itabaki kuwatenga na barafu.

Hema lenu la kawaida linaweza kufaa kama halipo juu ya kilele chenye upepo na kama theluji nzito haitarajiwi. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye theluji laini. Jazeni theluji kwenye mifuko midogo, fungeni kamba za hema, izikeni kwa kina cha mkono na mkanyage juu yake. Uwanja wa hema nao ukanyageni vizuri kisha muuache nusu saa ushikamane, la sivyo magoti yenu yatachimba mashimo yatakayoganda kama mawe. Msifunge matundu yote ya hewa. Pumzi za watu watatu zina maji mengi, na yasipopata pa kutokea huganda juu ya dari na kuwanyeshea asubuhi. Kwa sababu hiyohiyo msiingize pua ndani ya mfuko, vaeni kofia.

Mahali pa kuweka hema pasiwe chini ya mteremko mkali ulio wazi. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya kati ya digrii 30 na 45, lakini hushuka hadi kwenye tambarare iliyo chini, kwa hiyo kulala mahali pa bapa pekee hakuwakingi. Kama kuna milima juu yenu, muulizeni mlinzi wa hifadhi njia na mahali hasa, mkiwa na ramani mkononi. Hili si jambo la kujifunza kwa kusoma jibu langu. Tazameni pia juu, msilale chini ya miti mikavu au matawi yaliyoelemewa. Na sakafu ya bonde iepukeni, hewa baridi ni nzito na usiku hutiririka kukaa hukohuko. Kupanda mita chache tu kandoni kunaweza kuwapa nyuzi kadhaa.

Mkitembea, vueni koti kabla ya kutoka jasho. Nguo za pamba zibaki nyumbani, kwa sababu zikilowa hazikauki na hunyonya joto. Sufu au nguo za nyuzi za viwandani ndizo za kuvaa mwilini. Kabla ya kulala kuleni chakula chenye mafuta, kisha chemsheni maji na kuyatia kwenye chupa ngumu isiyovuja. Ipindueni juu chini kwanza muone kama inadondosha hata tone, ivisheni soksi, na kila mtu aiweke katikati ya mapaja, mahali mishipa mikubwa ya damu inapopita. Asubuhi hayo ndiyo maji yenu ya kunywa, na hayajaganda. Pombe isiwepo. Hufungua mishipa ya ngozini, mtu akahisi joto huku akilipoteza.

Dalili za kutafuta msaada bila kusubiri ni hizi: mtu anajikwaa, maneno yanavurugika, hawezi kufunga zipu, au alikuwa anatetemeka sana na sasa ameacha ilhali hajapata joto. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni dharura. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni ndani ya mifuko, mtengeni na theluji, mpeni kinywaji kitamu cha moto ikiwa anameza vizuri, na pigeni simu ya dharura. Msimsugue miguu na mikono. Kidole kilichokuwa cheupe na kigumu kama nta nacho msikisugue, na msikiyeyushe kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, maana kuganda mara ya pili huua nyama zaidi. Mwacheni mtu nyumbani anayejua mmelala wapi na saa ambayo, asipowasikia, ataita waokoaji.

Limebaki la pumu. Hata isiyo kali inaweza kubadilika huko, kwa sababu hewa baridi na kavu hubana njia za hewa, na kutembea kwenye theluji nzito humfanya mtu ahemee kinywani. Mume wako aonane na daktari wake ana kwa ana kabla hamjalipia kambi, amweleze waziwazi kwamba atalala nje kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri akiwa mbali na hospitali, na aulize kama atumie dawa kabla ya kuanza kutembea. Kama katika wiki za karibuni amekuwa akiamka usiku kwa kukohoa au kubanwa kifua, ahirisheni. Wakati wa kutembea afunike kinywa na pua kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kuingia mapafuni. Inhela ikae kwenye mfuko wa shati la ndani, maana ikipoa sana haitoi dozi kamili, na usiku alale nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Ya pili ubebe wewe, nayo ikae mwilini mwako, na binti ajue ilipo na namna ya kuitumia.